Siku Niliyong'oa Vitunguu Nikaacha Managu

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilipoinama kwenye tuta la vitunguu vya majani nikaving'oa kimoja kimoja mpaka cha mwisho, huku nikijisifu moyoni kwamba nimefanya kazi safi. Cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka. Lakini siku ile sikucheka hata kidogo, na ukiwa na subira nitakuambia kwa nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Tulikuwa tunaishi kwenye shamba la kahawa katikati ya Ruiru na Thika, katika zile nyumba za wafanyakazi tulizoziita laini, chumba kimoja kwa kila jamaa, mlango ukitazamana na mlango. Baba alikuwa kizuizini, mbali, na barua zake zilikuja kwa nadra. Mama yangu, tuliyemwita maitu, ndiye aliyefanya kazi kwenye bustani ya nyumba kubwa ya wenye shamba. Chumba kilikuwa chetu kwa sababu ya kazi yake hiyo. Kazi ikiisha, chumba kimekwisha.

Sasa maitu akajikata mguu kwa jembe. Mguu ukavimba, akawa hawezi kukanyaga chini. Nyapara akaja mlangoni, hakuingia, akasema ama mtu mwingine wa chumba hiki aende bustanini, ama chumba kipewe mtu mwenye miguu miwili. Alisema hivyo hivyo. Na sisi tungeenda wapi? Nyumba yetu ya nyumbani ilikuwa imebomolewa watu walipohamishiwa kijiji kipya, na huko kijijini hatukuwa na hata mahali pa kusimamisha nguzo. Kutembea barabarani bila barua ya ruhusa nako kulikuwa kujitafutia askari. Maitu alikuwa amelala na mguu juu ya gunia, wadogo zangu wawili wananitazama. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikasema nitaenda mimi.

Nikuambie pia nilikuwa msichana wa namna gani, usije ukadhani nilikuwa mpole. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, na katika laini nzima wanawake walikuwa wananiletea barua niwasomee. Basi kichwa kikavimba kuliko ule mguu wa maitu. Nilitembea kidevu juu. Mtu akinieleza jambo, nilikuwa namkatiza kabla hajamaliza, nasema najua, najua. Wewe mwenyewe una tabia hiyo kidogo, na si kwa baba yako umeitoa.

Kwenye nyumba kubwa aliyekuwa anatupa kazi za bustani ya jikoni ni mpishi, mzee mmoja akiitwa Mutua. Alikuwa Mkamba wa upande wa Yatta, huko mashariki ya Thika, mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na sikuwahi kuona doa kwenye kanzu ile. Yeye na Kikamba chake, mimi na Kikuyu changu, tulikutana katikati kwa Kiswahili ambacho hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho. Tulielewana, lakini kwa taabu fulani ambayo sote wawili tulikuwa tunaificha.

Jumanne hiyo wenye shamba walikuwa wameenda Nairobi, warudi Jumamosi na wageni. Mzee Mutua alitoka mlango wa jikoni na nguo mkononi, akanyoosha kidole kwenye tuta lililokuwa hapo nyuma.

"Nyambura, toa majani kwenye kitunguu. Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Ona neno hilo. Katika Kiswahili chetu cha bara, nimesikia ni sauti imefika masikioni, na nimesikia ni nimeelewa. Neno moja linabeba mizigo miwili, na mtu mjanja anaweza kulitumia akajificha ndani yake. Mimi nilijificha. Majani nilikuwa nayajua, ni magugu, ni nyasi, ni kitu cha kung'oa. Kitunguu pia nilikuwa nakijua, kile kichwa chekundu cha duara ambacho maitu alinunua kimoja kimoja dukani kwa Mhindi, Ruiru. Lakini kitunguu kikiwa bado shambani kinafananaje? Sikuwahi kukiona. Kwetu tulilima mahindi, maharagwe, viazi na ndizi. Na kitunguu cha kuliwa majani yake, kisicho na kichwa, hicho hata habari zake sikuwa nazo.

Nikafika kwenye tuta. Nikaona mistari ya kitu kijani chembamba, kirefu, kimesimama wima. Nyasi. Katikati ya hizo nyasi nikaona managu na terere, mboga zetu kabisa, laini, za kupendeza, zimejiotea hapa na pale. Nikajiambia, hawa watu wana bahati ya mboga lakini wameziacha zikasongwa na nyasi. Kitunguu chenyewe lazima kiko chini, bado hakijatoka. Nikaanza kung'oa zile nyasi. Managu nikayazunguka kwa uangalifu, terere nikaipandishia udongo kwenye shina ikae vizuri.

Sasa utaniuliza kama mjukuu yeyote, shosho, kwani hukusikia harufu? Nilisikia. Hapo ndipo pana aibu yangu yote. Nilipong'oa kile cha kwanza, harufu ya kitunguu ilinijaa puani mpaka macho yakaanza kulia. Nikasimama nusu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, hatua kumi tu, na mzee Mutua alikuwa ndani, nasikia pasi yake ikigonga meza. Ningeweza kwenda na hilo jani moja mkononi nikamwuliza, mzee, hiki ni nini? Lakini nilikuwa nimeshasema nimesikia. Kurudi kuuliza kungekuwa kukiri kwamba sikusikia, na mimi ndiye msoma barua wa laini nzima. Basi nikaiambia pua yangu inyamaze. Nikajiambia kwamba labda nyasi za hapa zinanuka hivyo kwa sababu zimeota karibu na kitunguu. Mwanangu, mtu akiogopa kuuliza hakosi jambo la kujidanganya nalo.

Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza. Tuta lilikuwa safi, managu na terere zimesimama kwa nafasi. Na kwa kuwa majani yakishang'olewa hayatupwi, ni chakula cha ng'ombe, niliyafunga mzigo, nikayabeba mpaka zizini, nikamwachia mkamuaji. Nikarudi nikanawa mikono, nikakaa chini ya ukuta kungoja kusifiwa.

Mzee Mutua akatoka na kisu kidogo. Alikuwa anajipikia maharagwe yake ya mchana na alitaka majani mawili matatu ya kitunguu ayakatie juu. Akafika kwenye tuta akasimama. Akatazama managu. Akatazama terere. Akanitazama mimi. Sikuwahi kuona mtu akimaliza tuta kwa macho polepole namna hiyo.

"Vitunguu viko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia bado havijaota. Nikamwambia nimetoa majani yote kama alivyosema, na kwamba nimempelekea ng'ombe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, kanzu yake nyeupe na yote, akaweka kisu kando, akasema kwa sauti ya chini, "Ulisema umesikia. Ulisikia nini?"

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja, ile harufu, yale macho kulia, na kwamba magugu ya kung'oa yalikuwa yale managu na terere. Nikaikumbuka Jumamosi. Maana tuta lile halikuwa tuta la hivi hivi. Memsahib, mke wa mwenye shamba, alipenda kukatiwa vitunguu hivyo vibichi juu ya supu na ndani ya mayai, na kila akirudi safari alipita kulitazama kabla hata ya kuingia ndani. Mwaka uliotangulia alikuwa amemfukuza mtu kwa sababu ya kukata maua mahali pasipofaa, na mtu huyo na watoto wake waliondoka laini siku hiyo hiyo. Nilimwona maitu na mguu wake juu ya gunia. Nililia, sikufichi. Nikamwambia mzee Mutua tutafukuzwa, na hatuna pa kwenda.

Akaniambia kwanza nikimbie zizini. Kulia ningelia baadaye.

Nilikimbia. Nilijua ng'ombe hana sababu ya kungoja, na kwamba mzigo umeshakuwa mate na matope. Nikamkuta mkamuaji amekaa juu ya debe, na mzigo wangu uko kando ya mlango, haujafunguliwa. Akanicheka. Alisema amefanya kazi ya ng'ombe miaka mingi lakini hajaona majani yanayonuka supu, na kwamba kama angempa ng'ombe, maziwa ya wiki nzima yangenuka kitunguu na yeye ndiye angeulizwa. Amenyimwa ng'ombe, nikapewa mimi! Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikaubeba mzigo wangu kichwani nikarudi nao karibu nikiimba.

Mzee Mutua alikuwa ameshavua kanzu akabaki na fulana na suruali. Alikuwa amejaza karai maji akaliweka kivulini. Tukafungua mzigo. Majani yalikuwa yamelegea, lakini alichukua kitunguu kimoja akakigeuza chini juu, akanionyesha mizizi. Bado ilikuwa na udongo na bado ilikuwa nyeupe. Akasema kitunguu hiki hakiishii kwenye majani. Ukikata majani na kuacha sehemu nyeupe na mizizi yake, kama urefu wa kidole, ukirudisha kwenye udongo na kukipa maji, kitatoa majani tena. Akasema lile neno la asubuhi, kutoa majani kwenye kitunguu, ndilo tutakalofanya sasa, lakini kwa kisu.

Tukakata. Alinifundisha nikate mkato mmoja, kisu kikali, nisiponde. Vile vyenye afya zaidi, fungu moja, alisema visikatwe kabisa, tukavisimamisha na mizizi yake ndani ya debe dogo la maji, kivulini jikoni, viwe vya supu ya Jumamosi. Vingine vyote tukaviloweka kwenye karai, kisha jua lilipopungua ukali tukavirudisha kwenye tuta, mistari ile ile, udongo ukibanwa kwa vidole viwili kila upande. Managu na terere ilibidi nizing'oe mwenyewe. Ilinichoma roho kuliko vitunguu. Mwishoni tukakata majani ya ndizi tukayasimika juu ya mistari kuikinga na jua la kesho.

Yalibaki majani yenyewe, mlima mzima, na hayangefika Jumamosi. Mzee Mutua akaniambia niyapeleke laini, na zile managu na terere pia. Siku hiyo, mwanangu, hakuna chumba ambacho hakikukaanga vitunguu. Maitu aliyakatakata akayakaanga kidogo kwenye mafuta, akayachanganya na irio, yale mahindi na viazi vya kupondwa, pamoja na terere, na wadogo zangu wakalamba sufuria. Ndipo nilipojua kwamba majani yale hayataki kuiva sana, yakikaa motoni yanapoteza utamu, unayatia mwisho. Laini ilinuka mpaka nikaogopa nyapara atafuata harufu. Akaja kweli. Akapewa sahani, akala, akaondoka bila kuuliza.

Jumatano tuta lilikuwa vishina vifupi tu, vimekaa kimya. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Alhamisi sikuona kitu, nikalala na njaa kwa hofu ingawa chakula kilikuwepo. Ijumaa asubuhi niliinua jani la ndizi, na katikati ya kila kishina kilichokatwa, pale pale katikati, kulikuwa kumetoka ncha ya kijani, ndogo kama ukucha wa mtoto. Nilipiga magoti nikazihesabu mstari mmoja, nikachoka, nikaacha. Nikamshukuru Mungu kwa Kikuyu, maana Kiswahili hakikunitosha.

Jumamosi gari likaingia. Memsahib akashuka na wageni, na kama kawaida yake akapitia nyuma. Nilikuwa nimesimama na debe la maji, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Alisimama kwenye tuta. Majani ya ndizi tulikuwa tumeyaondoa alfajiri, na majani mapya yalikuwa yamefika nusu ya kidole, si zaidi. Akaonyesha kwa kijiti.

"Mutua, nani nakata hii yote?"

Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini. Mzee Mutua alikuwa mlangoni, kanzu nyeupe, mikono nyuma.

"Tulikata, memsahib. Zinachipua mpya. Za supu ziko jikoni."

Memsahib akatazama tena, akasema mzuri, akaendelea kuwaonyesha wageni maua yake. Ni hivyo tu. Wiki nzima ya kufa na kupona, na yeye alisema neno moja akapita.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, nikacheka peke yangu, nikalia kidogo, nikacheka tena. Chumba kilikuwa chetu. Maitu angepona mguu akiwa kitandani mwake. Nimeona mengi ya furaha tangu hapo, arusi, watoto, baba kurudi nyumbani, lakini pumzi niliyoshusha siku ile bado naikumbuka ilivyotoka.

Wageni walipokwisha kula, nilimfuata mzee Mutua jikoni. Nilitaka kujua kwa nini alisema tulikata. Aliyeharibu alikuwa mimi. Angeweza kusema ni huyu msichana, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alikuwa anapangusa sahani. Akaniambia, "Kwa sababu tulikuwa wawili. Wewe ulisema umesikia na hukusikia. Mimi nilikutazama macho nikajua hukusikia, nikaenda zangu kupiga pasi."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akikiri kosa mbele ya msichana. Na nikiri na mimi, sijui kama jibu lake kwa memsahib lilikuwa kweli yote. Hilo nimemwachia Mungu, aliyemjua Mutua kuliko mimi.

Wiki iliyofuata, asubuhi, akatoka tena na nguo mkononi. Akasema nipunguze vitunguu vya mstari wa ukutani, nigawe mashina, nipande kwenye tuta jipya. Akauliza kama kawaida, umesikia? Neno lilinifika kwenye ulimi, lile lile, tayari kutoka. Nikalimeza. Nikamwambia, "Hapana, mzee. Sijasikia. Nionyeshe."

Nilidhani atakasirika. Aliweka ile nguo kwenye ngazi, akaja mpaka kwenye tuta, na hakuvua kanzu. Akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaingiza vidole chini ya shina, akaliachanisha mbele ya macho yangu, polepole, mara mbili. Aliposimama, kanzu ilikuwa na madoa mawili makubwa ya udongo mwekundu kwenye magoti. Alifanya kazi nayo hivyo hivyo siku nzima.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiseme umesikia kama hujaelewa, hata ukiwa umesoma kunizidi, hata watu wakikutazama. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja tu, ile ya kutouliza iliweka rehani chumba cha mama yangu. Pua yako ikikuambia kuna jambo, simama, nenda mlangoni, uliza. Ukishaharibu, usikae kulia, kimbia kwanza uone ni kipi bado kina mizizi. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kutoa amri, usimwulize mdogo wako umesikia ukageuka kwenda. Mtazame machoni. Ukiona hajaelewa, shuka umwonyeshe, nguo zitafuliwa.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema sijui. Akukutanishe na watu watakaosema tulikata siku utakayoharibu peke yako. Na akufikishe umri wa kuchafua magoti yako kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.